Vizibo vya Ghala la Tatu

Kila siku nikitoka shule nilikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kuosha vyombo na kumkwepa baba mdogo. Mbili za kwanza nilizimudu. Ya tatu ilinishinda, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili tu, na baba mdogo alikuwa na sauti iliyofika vyote viwili bila yeye kuinuka kwenye kiti.

Yeye ndiye aliyetulea mimi na dada baada ya baba yetu kufariki. Alitulisha na kutusomesha, na haikupita siku bila kutukumbusha kwamba alitulisha na kutusomesha. Alikuwa mtunza ghala katika kiwanda cha sabuni, ambacho ukuta wake ndio uliokuwa ukuta wa shule yetu pia. Dada, aliyenizidi miaka kumi, alikuwa askari wa zimamoto. Aliishi kambini na kuja nyumbani siku zake za mapumziko, na kila akija yeye na baba mdogo hawakumaliza kikombe cha chai kabla ya kugombana.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba mdogo aliniita Kalamu, kwa sababu ya mwandiko wangu. Jina lenyewe lilikuwa zuri, ila alivyolitamka lilisikika kama mashtaka.

Mwandiko huo ndio ulioniingiza kwenye balaa la fomu. Katika mji wetu, kila kiwanda kilichoweka kemikali za hatari kilitakiwa kujaza fomu mara moja kwa mwaka, kabla ya mwezi wa pili kuisha: kemikali gani, mapipa mangapi, yamewekwa wapi. Nakala moja ilikwenda kwa zimamoto, nyingine ofisi ya mji, na ya tatu ilibandikwa mahali ambapo majirani wangeiona. Karani wa ofisi ya mji hakupokea fomu yenye neno lililofutwa. Baba mdogo, ambaye mwandiko wake ulikuwa wa kuku aliyechakura vumbi, alirudishwa mara nne katika mwaka mmoja. Tangu hapo yeye alisoma na mimi nikaandika.

"Fomu za dada yako hizi," alikuwa akisema kila mwaka, akizitupa mezani. "Zimamoto wa siku hizi hawazimi moto. Wanawazima watu kwa makaratasi."

Kuhesabu nako alikuwa na namna yake. Miaka kumi na tisa ya harufu ya ghala ilikuwa imemharibu kifua, kwa hiyo hakupenda kuingia ndani na kuzunguka katikati ya mapipa. Mlangoni mwa kila ghala alitundika kopo la maziwa. Pipa likiingia, mchukuzi alitia kizibo kimoja cha soda ndani ya kopo. Pipa likitoka, alitoa kimoja. Baba mdogo alivipaka vizibo hivyo rangi pande zote mbili, ili mjanja yeyote asije akaongeza vya kuokota. Vyeupe vilikuwa vya magadi makali ya kupikia sabuni, vya buluu vya unga wa klorini, na vya manjano vya asidi. Msimu wa fomu ukifika aliyamwaga makopo na kuhesabu.

"Vizibo havisemi uongo," alipenda kujisifu. "Waongo ni watu."

Mwaka huo kifua kilimbana akalala nyumbani siku kumi na mbili. Aliporudi kazini alikuta msimu wa fomu umeshafika. Siku ya Alhamisi alirudi na makopo matatu ndani ya kikapu, akayasukuma chini ya meza na kutangaza kwamba tutahesabu Jumamosi. Kisha akaenda kuoga.

Mimi siku hiyo nilikuwa na hasira zangu. Shuleni kulikuwa na mashindano ya dama, na nilikuwa nimefika fainali. Mpinzani wangu alikuwa mtoto mmoja wa darasa letu aliyejiita Kingi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfunga. Mbele ya darasa zima alikuwa ameniambia, "Kesho njoo na kete zako. Umeomba za watu tangu mchezo wa kwanza. Fainali hachezi ombaomba." Watu walicheka. Mwingine hata akapiga makofi.

Niliinama chini ya meza na kuangalia makopo. La Ghala la Kwanza lilikuwa na vizibo vyeupe tu. La pili vilevile. La tatu lilijaa vya buluu, na juu yake kulikuwa na vichache vya manjano vinavyong'aa. Nilivihesabu: kumi na viwili. Kete za dama za mchezaji mmoja ni kumi na mbili. Niliona kama vimewekwa kwa ajili yangu. Nikasema moyoni kwamba Ijumaa jioni nitavirudisha kabla hajavigusa mtu, nikavitia mfukoni, nikaenda kuchota maji.

Fainali nilishinda. Nilimla Kingi kete tatu kwa mkupuo mmoja na sauti yake ya kiburi ikakauka. Lakini hakuondoka hivihivi. Alizoa vizibo vyangu vyote kwa viganja viwili, akakimbia hadi chooni na kuvimwaga kwenye shimo.

"Sasa nenda kachukue ushindi wako," alisema.

Tulipigana. Nilirudi nyumbani na kola iliyochanika na mfuko mtupu. Njia nzima nilitafuta la kusema, na nilipofika mlangoni nilikuwa bado sijalipata. Nilimjua baba mdogo. Mkanda wake ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na haukuwekwa pale kwa urembo.

Jumamosi asubuhi alimwaga kopo la kwanza juu ya meza.

"Magadi makali, sitini na moja. Na asidi hukaa ghala hili. Vya manjano hakuna hata kimoja?" Alikunja uso kidogo. "Basi ni kweli alivyosema msimamizi. Asidi iliisha nikiwa kitandani. Afadhali, maana kitu kile sikipendi."

Akamwaga la pili, kisha la tatu. Nilitazama vidole vyake vikivisogeza vizibo vya buluu vitano vitano.

"Andika. Ghala la Tatu: unga wa klorini, mapipa thelathini na nane. Asidi, hakuna."

Kabla kalamu haijagusa karatasi, dada aliingia. Alikuwa amevaa sare na mkononi alikuwa na mkate. Aliamkia, na baba mdogo akaitikia "marahaba" ya kinyongo. Dada akatazama vizibo mezani, akatazama fomu.

"Baba mdogo, mapipa yenyewe umeyaona?"

"Nimeona vizibo."

"Sisi hatuendi kuzima vizibo."

"Haya, ameanza!" Baba mdogo alisukuma kiti nyuma. "Nilikuwa nahesabu mapipa wewe ukinyonya kidole. Leo umevaa buti la serikali unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi. Nakuuliza. Moto ukiwaka kiwandani kwenu, kitu cha kwanza mkuu wetu anachofungua ni faili. Karatasi ikisema hakuna asidi, mimi naingia kama mtu anayejua hakuna asidi. Unga wa klorini peke yake tunaujua jinsi ya kuukabili. Ukikutana na asidi unatoa hewa ya sumu. Mtu akiivuta mara mbili au tatu, mapafu yamekwisha. Na ukuta wa pili ni shule ya huyu mtoto."

"Asidi haipo! Imeisha! Kalamu, mbona umetoa macho? Andika!"

Wote wawili walinigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningeweza kusema, "Kopo la tatu lilikuwa na vya manjano kumi na viwili," na shauri lote lingeishia pale, kwa mkanda na machozi, lakini lingeisha. Nilitazama msumari ule nyuma ya mlango. Kisha nikaandika "Hakuna", kwa herufi zilizosimama vizuri, bila hata doa. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine la kujipamba nalo.

Fomu ilipokelewa mara ya kwanza bila kurudishwa. Nakala ya majirani ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, na mwalimu mkuu akasimama mbele ya wanafunzi wote na kuusifu mwandiko wangu. Kingi alinong'ona nyuma yangu, "Kajipendekeze vizuri."

Kwa wiki tatu nilipita mbele ya ubao ule asubuhi na mchana. Nilijiambia kwamba huenda mchukuzi alikosea akatia vizibo vya manjano kwenye kopo lisilo lake. Nilijiambia kwamba mambo ya kemikali ni ya watu wazima. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno, nami nilikuwa nayo tele. Usingizi ndio niliokosa.

Jumanne ya wiki ya nne, wakati wa mapumziko ya saa nne, tulisikia kelele ng'ambo ya ukuta. Kisha moshi mweusi ukapanda. Fundi aliyekuwa akichomelea geti la kiwanda alikuwa amerusha cheche kwenye rundo la maboksi matupu, na rundo lenyewe liliegemea ukuta wa Ghala la Tatu. Kengele ya shule ililia. Walimu wakatukimbiza uwanjani, upande ule ambao uzio wa waya unaelekea lango la kiwanda.

Gari la zimamoto lilifika haraka. Askari waliruka chini na kuanza kukunjua mipira ya maji. Nilimtambua dada kwa mwendo wake, hata chini ya kofia ile kubwa. Mkuu wao, mzee mfupi mwenye sauti nene, alifungua faili juu ya boneti. Pembeni yake walisimama baba mdogo na msimamizi wa kiwanda, mtu tuliyemwita Filimbi kwa sababu alikuwa akiwaita wafanyakazi kwa filimbi kama mbwa.

Nilikuwa karibu na uzio, nikasikia kila neno.

"Ghala la Tatu, unga wa klorini, mapipa thelathini na nane. Asidi hakuna," mkuu alisoma. "Ni kweli?"

"Ni kweli, Afande," alisema Filimbi upesi.

"Nilihesabu mwenyewe," alisema baba mdogo.

"Mitungi ya hewa iko kwenye gari la pili, na gari la pili bado liko njiani. Kama ni unga peke yake, hatuna haja ya kusubiri. Wawili waingie kwa mlango wa pembeni na barakoa za kawaida, wayatoe mapipa ya kona ile kabla joto halijayafikia." Akanyoosha kidole. "Wewe, na wewe."

Wa pili alikuwa dada.

Sikumbuki nilivyopita chini ya uzio ule. Ninachokumbuka ni waya ulionikwaruza mgongo, na sauti ya mwalimu ikiniita kwa hasira.

"Msiingie!" nilipiga kelele. "Kuna asidi humo ndani!"

"Nani kamleta mtoto huyu?" mkuu alifoka. "Mtoeni!"

"Kalamu!" Baba mdogo aliniwahi na kunishika mkono akaukaza. "Rudi shuleni kabla sijakuvunja miguu!"

"Kuna asidi, baba mdogo. Mapipa kumi na mawili. Kopo la Ghala la Tatu lilikuwa na vizibo vya manjano. Niliviiba kabla hujahesabu."

Mkono wake ulilegea, kisha ukakaza tena.

"Ulifanya nini?"

"Niliviiba. Nikachezea dama."

Filimbi alicheka kwa sauti ya juu. "Afande, unamsikiliza huyu? Mtoto anatafuta sifa. Kila mwaka ndiye anayeandika fomu, na sasa anasema fomu ni ya uongo! Tunapoteza muda. Waambie vijana waingie."

"Si mwongo!"

Sauti hiyo ilitoka kwenye uzio. Alikuwa Kingi, ameshika waya kwa mikono miwili, uso umekunjamana kwa chuki kama kawaida yake. "Simpendi hata kidogo, lakini si mwongo. Vilikuwa vya manjano, vimepakwa rangi pande zote. Mimi ndiye niliyevimwaga chooni."

Baba mdogo aliniachia. Alimgeukia Filimbi polepole, na niliona shingo yake imetoka mishipa.

"Niliporudi kazini nilikuta sakafu ya Ghala la Kwanza imelowa, paa linavuja. Nikakuuliza asidi iko wapi. Ukaniambia imetumika yote. Uliihamisha?"

"Huu si wakati wa..."

"Nakuuliza wewe! Uliihamisha?"

Filimbi alitazama viatu vyake. "Kwa muda tu," alisema. "Mvua ilikuwa inanyesha. Nilitaka kuirudisha."

Mkuu wa zimamoto hakusubiri amalize. "Rudi!" alipaza sauti. "Rudini nyuma wote!" Dada alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango wa pembeni, mguu mmoja ukiwa juu ya kizingiti. Aligeuka, akamwona mkuu akipunga mikono, akamvuta mwenzake kwa mkanda na wote wawili wakarudi mbio.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa amri fupifupi. Shule nzima ilihamishwa hadi barabara ya juu, upande unakotoka upepo. Nyumba za jirani zikagongwa milango, watu wakatolewa na watoto wao na sufuria zao, wengine wakitukana kiwanda, wengine wakiwatukana zimamoto. Gari la pili lilifika. Ndipo watu wenye mitungi ya hewa mgongoni walipoingia, na dada alikuwa miongoni mwao. Wenzao walipambana na moto kwa nje. Mimi nilikaa ukingoni mwa barabara ile, mikono kichwani, nikihesabu kila aliyetoka. Dada alitoka mara sita, na mara sita roho yangu ilirudi mahali pake.

Saa sita na nusu moto ulikuwa umezimwa. Mapipa kumi na mawili ya asidi yalipangwa uani, mbali na ghala. Yalikuwa ya plastiki. Mawili yalikuwa yamelainika kwa joto na kubonyea ubavuni, na moja lilianza kuvuja matone chini ya kifuniko. Lilikuwa limekaa hatua mbili tu kutoka kwenye unga wa klorini.

Hakuna aliyenipigia makofi. Dada alikuja akiwa amelowa jasho, alama za barakoa zimechora mashavu yake.

"Wiki tatu na zaidi," alisema. "Ulikuwa unajua wiki tatu na zaidi."

"Sikuwa na hakika, dada."

"Ulikuwa na hakika ya kutosha kukosa usingizi. Nimekuona ukizidi kukonda nikadhani ni mitihani. Ungeniambia mimi. Kama si baba mdogo, mimi." Alivua glavu moja, akaivaa tena. "Nilikuwa nimeshashika kitasa."

Akaniacha pale. Mkanda wa baba mdogo niliuogopa miaka yote, lakini sijawahi kuchapwa nikaumia kama nilivyoumizwa na maneno yale.

Filimbi alifukuzwa kazi kesho yake, na mashtaka yake yakapelekwa mahakamani. Kiwanda kilifungwa mpaka fomu mpya ipatikane, safari hii kwa kuhesabu mapipa yenyewe. Ofisi ya mji ilitoa muda hadi Ijumaa saa kumi jioni, si dakika moja zaidi. Wafanyakazi waliokuwa wakikaa nyumbani bila kazi walipita mbele ya mlango wetu wakitema mate. Shuleni waliniita mwizi wa vizibo. Baba mdogo hakunichapa. Alifanya kibaya zaidi: hakunisemesha siku tatu.

Ijumaa mchana alivunja ukimya kwa maneno mawili. "Vaa viatu."

Tulikwenda kiwandani. Alinipa barakoa na kipande cha chaki, naye akavaa barakoa yake. Kila mmoja alihesabu peke yake na kuandika jumla yake mkononi kwa kalamu, bila kumwambia mwenzake. Ghala la Kwanza tulipatana. La pili tulipatana. Katika la tatu njia zilikuwa nyembamba, na mapipa yalikuwa yamesogezwa huku na huku siku ya moto. Baba mdogo alikuwa akikohoa kila hatua ya tatu. Tulitoka nje na kuonyeshana viganja.

Chake kilisema thelathini na nane. Changu kilisema thelathini na tisa.

Dada alikuwa akisubiri getini achukue fomu aipeleke. "Ni saa kumi kasoro dakika ishirini!" aliita. "Kwa mguu ni dakika kumi!"

"Andika thelathini na nane," alisema baba mdogo. "Kopo lilisema thelathini na nane, tangu hapo halijaingia wala kutoka hata moja, na mimi nimepata thelathini na nane."

"Mimi nimepata thelathini na tisa."

"Wewe umehesabu pipa moja mara mbili."

"Labda. Au wewe umeruka moja."

"Pipa moja, Kalamu! Pipa moja tu! Watu mia mbili wamekaa nyumbani bila kazi kwa ajili yako, na unabishana kwa ajili ya pipa moja? Andika!"

Ilikuwa sauti ileile ya mezani, na fomu ilikuwa ileile.

"Siandiki," nilisema.

Aliinua mkono. Nilifumba macho, lakini sikusogea.

"Kuna nini huko?" aliita dada.

Kofi halikuja. Nilipofumbua macho baba mdogo alikuwa bado ameuinua mkono, akinitazama kana kwamba mimi ni mgeni aliyeingia bila hodi. "Mtoto amegoma!" alimjibu dada, bila kuniondolea macho.

"Amegomea nini?"

"Amegomea kuandika asichokuwa na hakika nacho," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini ambayo dada hangeweza kuisikia. Akashusha mkono. Akaketi kwenye kizingiti cha ghala, akashusha barakoa na kukohoa mpaka macho yakatoa machozi.

"Sikia," alisema alipopata pumzi. "Wewe uliiba vizibo, na kwa hilo bado sijakusamehe. Lakini kazi yangu haikuwa vizibo. Kazi yangu ilikuwa mapipa, na miaka kumi na tisa nimehesabu vizibo kwa sababu kuhesabu mapipa kunachosha. Filimbi alidanganya kwa mdomo, wewe ukadanganya kwa kunyamaza, mimi nikadanganya kwa uvivu. Uongo wa watu watatu ukakaa kwenye karatasi moja, tukampa dada yako aingie nao kwenye moto." Alifuta uso kwa kiwiko. "Mtu anayeandika hayupo siku ya moto, anakuwepo mwingine. Kwa hiyo ukweli usemwe siku ya kuandika, hata kama utakuletea mkanda. Siku ya moto utakuwa umechelewa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba mdogo."

"Basi inuka. Wewe anzia mlangoni, mimi nianzie mwisho. Kila pipa liguse kwa mkono, ulitie alama ya chaki. Na ukinidanganya nitakutandika."

"Na wewe ukinidanganya?"

Alinikazia macho. Nilidhani sasa lile kofi linakuja.

"Mwambie zimamoto," alisema, akapandisha barakoa yake.

Dada alikuwa ameshafika mlangoni. Alitazama saa yake, akatutazama sisi, akafungua mdomo kama mtu mwenye maneno mengi ya kutupasha. Badala yake alivaa barakoa, akavunja chaki yangu vipande viwili, akachukua kimoja, na kuingia nasi ndani kuhesabu ya kwake. Nyuma ya mlango wenyewe, mahali ambapo mlango ukifunguliwa hapaonekani, lilikuwa limesimama pipa moja la klorini.

Sote watatu tulipata thelathini na tisa.